Jengo Refu la Vioo Jirani Mwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Malindi

Malindi bado ni mji wa nyumba za kadiri. Hata hivyo, habari za majengo marefu si ngeni tena kwetu. Mwishoni mwa muongo wa 2010 ulitangazwa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 61 huko Watamu, na ingawa mnara wenyewe haukusimama, mjadala ulioibuka uliwaachia watu maswali ambayo hayakupata kujibiwa kwa utulivu. Wengine wanauliza kwa sababu nyingine: watoto wao wamepanga Upper Hill jijini Nairobi, au wamehamia Dar es Salaam au Dubai, na huwaeleza kwa simu habari za jua linaloingia chumbani kutoka upande ambao jua halijawahi kukaa. Ukurasa huu unamjibu mtu anayeishi, au anayetarajia kuishi, kando ya jengo refu lililovikwa vioo. Mifano mingi imetoka katika miji mikubwa ambako majengo hayo yameshazoeleka, lakini hesabu za jua na upepo zimefanywa kwa Malindi.

Kwa nini jengo la vioo litofautishwe na ghorofa lolote jingine?

Ukuta wa mawe au wa saruji hulipokea jua, hulinyonya, kisha hulitoa polepole kama joto. Kioo hakifanyi hivyo. Kioo cha kawaida kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokipiga moja kwa moja, na kiasi hicho hupanda kwa kasi kadiri mwanga unavyokuja kwa mshazari. Kioo kilichopakwa utando mwembamba wa metali, ambao ndio unaotumika sana katika nchi za joto, hurudisha zaidi. Utando huo huwekwa ili walio ndani wasiungue na ili gharama ya viyoyozi ipungue, jambo ambalo lina maana yake; ila joto na mwanga uliofukuzwa dirishani hauendi peponi, bali huenda kwa jirani.

Urefu peke yake si tatizo hilo. Jumba la mikutano la KICC lililofunguliwa Nairobi mwaka 1973 lina urefu wa mita 105, na uso wake kwa sehemu kubwa ni saruji. Tangu hapo ladha imebadilika, na mwekezaji wa leo akisema anataka jengo la kisasa, mara nyingi huwa anamaanisha vioo kutoka chini hadi juu.

Kivuli chake kitafika wapi?

Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na nyakati hizo kivuli cha adhuhuri karibu hakipo kabisa. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na jengo la mita 100 hutupa kivuli cha mita 50 hivi kuelekea kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: kivuli huelekea kaskazini, nacho hakifiki mita 40. Ukilinganisha na London, ambako jua la Desemba halipandi juu na vivuli hurefuka mchana kutwa, sisi tuna nafuu kubwa.

Nafuu hiyo, hata hivyo, ni ya mchana tu. Jua linapokuwa nyuzi 20 juu ya upeo, yaani kama saa moja na nusu baada ya kuchomoza, jengo la mita 100 hutupa kivuli cha mita 275 kuelekea magharibi. Hapa ndipo jiografia ya Malindi inapotuumiza. Bahari iko mashariki, mwekezaji hutaka kiwanja cha ufuoni, na mji uko nyuma yake. Basi kivuli chote cha asubuhi huangukia mjini. Jengo jembamba kivuli chake hupita juu ya nyumba moja kwa muda mfupi kisha huendelea na safari. Jengo pana lililojitandaza sambamba na ufuo huikalia nyumba ileile muda mrefu, na kwa hiyo swali la kumuuliza msanifu si urefu peke yake, ni upana pia na upande unaoelekea.

Wenye paneli za sola watazame jambo hili kwa makini zaidi kuliko wengine. Paneli nyingi huunganishwa kwa mfululizo, na kivuli kinachofunika sehemu ndogo tu ya mfululizo huo kinaweza kuangusha umeme wa mfululizo mzima. Wanaoanika samaki au nguo wao hupoteza saa za asubuhi tu, na hizo zinaweza kufidiwa na jua la mchana.

Mbona husemwa kwamba jirani wa jengo la vioo hupata jua mara mbili?

Kwa sababu ni kweli. Uso wa kioo uliosimama wima hurudisha mwanga chini kwa pembe ileile uliyojia, na eneo linalopigwa na mwako huo huwa upande wa jua, kwa masafa yanayolingana na urefu wa kivuli kilicho upande wa pili. Ukijua kivuli kinafika wapi, umejua pia mwako unafika wapi. Geuza tu upande.

Tuchukue nyumba iliyo magharibi ya mnara wa ufuoni. Asubuhi imo kivulini. Alasiri, wakati ambapo baraza yake ya mashariki ilikuwa imeshapoa na wazee wameshatandika mkeka, jua lililo magharibi hupiga uso wa kioo na kurudi mpaka pale barazani. Nyumba hiyo sasa ina jua pande mbili kwa wakati mmoja, na upande wa pili haukujengwa kwa ajili ya jua la alasiri: hauna upenu wa kutosha, hauna mti, na madirisha yake ni makubwa kwa sababu ndiko upepo unakotoka.

Uso ulionyooka hueneza mwako bila kuukusanya, kwa hiyo adha yake ni ya macho na ya joto la kadiri. Hatari halisi iko katika uso uliobonyea kwa ndani. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street jijini London, likiwa bado linamaliziwa, lilikusanya miale ya jua katika barabara iliyo chini yake kwa muda wa saa mbili hivi kila siku, na miale hiyo iliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa pale. Mwaka uliofuata lilivalishwa vibao vya kukinga jua. Miaka michache kabla ya hapo, wageni wa hoteli ya Vdara huko Las Vegas walikuwa wameshalalamika kwamba kando ya bwawa la kuogelea kuna mahali panapowaunguza. Na msanifu wa majengo yote mawili ni mmoja, Rafael Viñoly. Mtu akikuletea mchoro wa jengo lenye tumbo la ndani na akakuambia kwamba hesabu za jua hazihitajiki, mtajie majengo hayo mawili.

Upepo utakuwaje? Wengine wanasema utaongezeka, wengine wanasema utakatika.

Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mahali pake.

Upepo wa juu una kasi kuliko wa chini, kwa kuwa haukwaruzwi na nyumba wala miti. Ukigonga uso mpana wa jengo refu, sehemu ya juu hupanda na kupita juu ya paa, lakini sehemu kubwa iliyo chini ya hapo huteremka ukutani mpaka barabarani, kisha hutafuta njia pembeni. Kwa hiyo penye kona za jengo, na katika uchochoro ulio kati ya jengo na jingine, upepo wa chini huwa mkali kuliko ulivyokuwa kabla jengo halijajengwa. Katika mji wa Leeds, Uingereza, kando ya jengo la Bridgewater Place lenye urefu wa mita 112, upepo wa namna hiyo ulipindua lori mwezi wa Machi 2011 na mtu aliyekuwa akipita kwa miguu akafa. Baadaye zilisimamishwa kingo kubwa barabarani ili kuuvunja.

Nyuma ya jengo hali ni kinyume. Hapo hubaki eneo ambalo upepo umekatika, hewa inazungukazunguka bila mwelekeo, na moshi wa magari na wa majiko haupati wa kuuondoa. Eneo hilo linaweza kuenea umbali wa mara kadhaa ya urefu wa jengo lenyewe.

Sisi tunaishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu kutoka upande wa kusini mashariki kuanzia Aprili. Zote mbili hutujia kutoka baharini. Maana yake ni kwamba mnara wa ufuoni hauna msimu wa kuwapumzisha walio nyuma yake: ukiwaziba kwa kaskazi, kwa sehemu kubwa utawaziba kwa kusi pia, isipokuwa wale walioko mbali kidogo upande wa kaskazini au wa kusini, ambao watapata nafuu msimu mmoja na kuukosa mwingine. Katika mwezi wa Machi, joto linapofikia kilele na kaskazi inapolegea, mtu aliyekuwa akilala madirisha wazi atalazimika kununua feni, na mwenye feni atafikiria kiyoyozi. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za mradi wowote, na kwa maoni ya ukurasa huu ndiyo kubwa kuliko zote ambazo jirani wa Malindi atalipishwa.

Dawa inajulikana. Wahandisi huweka mfano mdogo wa jengo na mtaa wake ndani ya bomba la upepo, au hutumia kompyuta, wakapima kasi ya upepo barabarani kabla na baada. Jengo likikalishwa juu ya kitako kipana cha ghorofa chache, upepo unaoteremka huvunjikia juu ya kitako hicho badala ya kuwafikia wapita njia. Jengo likigeuzwa ubavu mwembamba ukabili bahari, au likiachiwa tundu la ghorofa nzima katikati, hewa hupita. Yote hayo ni rahisi kwenye karatasi, na karibu hayawezekani baada ya zege kukauka.

Watu wa ghorofani watatuona ndani. Sitara yetu inalindwa na nini?

Nyumba ya kale ya Lamu ilijibu swali hili kwa ukuta: mawe mazito ya matumbawe, madirisha machache upande wa njia, daka penye mlango, na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ambamo wenye nyumba hukaa chini ya mbingu bila kuonwa. Ulinzi huo wote unatazama mtaani. Juu uko wazi, kwa sababu aliyeijenga hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu atakaa mita 80 hewani na kuangalia chini.

Kisheria, Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha, lakini maneno yake yanahusu zaidi upekuzi, utwaaji wa mali na taarifa za mtu. Kwa jirani anayetazamwa, njia iliyo karibu ni madai ya kero baina ya majirani. Mwezi wa Februari 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la wakazi wa nyumba zenye kuta za vioo zilizo mkabala na baraza la kutazamia mandhari la jumba la makumbusho la Tate Modern, London. Wageni wa baraza hilo walikuwa wakiwatazama na kuwapiga picha ndani ya nyumba zao siku nzima. Kwa wingi wa majaji 3 dhidi ya 2, mahakama ilikubali kwamba kutazamwa kwa kiwango hicho ni kero inayoweza kudaiwa mahakamani. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ila wakili anaweza kuutumia kama hoja. Ni vyema kuuelewa mpaka wake: haukusema kwamba kila dirisha linaloelekea kwako ni kosa. Kilichowapa wakazi ushindi ni kwamba lile lilikuwa baraza la umma, lililofunguliwa makusudi watu watazame.

Kwa hiyo mkazi akisoma mchoro, asihangaike sana na madirisha ya ofisi. Atafute mkahawa wa juu ya paa, bwawa la kuogelea la ghorofani na baraza la wageni, na aombe viwekewe ukingo usiopenyeka kwa macho upande wa mtaa. Bahari iko upande wa pili. Anayetaka mandhari atayapata huko.

Je, sheria inanipa haki ya mwangaza?

Ndiyo, lakini kwa masharti. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Kenya ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kinasema kwamba jengo lililopata mwangaza na hewa kwa amani bila kukatizwa kwa miaka 20 linaweza kuwa limejipatia haki hiyo juu ya ardhi ya jirani. Chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1832. Haki hiyo ni ya jengo na madirisha yake, si ya uwanja, wala haikuhakikishii kwamba mwangaza wote uliokuwa nao utabaki. Kwa desturi mahakama huuliza kama uliobaki unatosha kwa matumizi ya kawaida ya chumba. Mwenye nyumba ya zamani atunze chochote kinachothibitisha umri wa dirisha lake: picha za harusi zilizopigwa sebuleni, michoro iliyopitishwa na baraza la mji, risiti za kodi ya nyumba.

Kuhusu hewa, tofauti iko kati ya hewa inayopitia tundu mahususi na upepo unaovuma wazi juu ya ardhi. Mwaka 1861 mahakama za Uingereza zilimkatalia mwenye kinu cha upepo aliyedai kwamba jengo la jirani limemzibia upepo wake. Kwa hiyo hoja ya kaskazi na kusi ina nguvu zaidi mbele ya wanaotoa vibali kuliko mbele ya jaji.

Na mandhari ya bahari?

Hapana. Sheria tuliyorithi haitambui haki ya kuona mbali, hata kama nyumba ilinunuliwa kwa bei ya mandhari hayo.

Wakati wa ujenzi nijiandae vipi?

Jambo la kwanza ni nyufa. Nyumba nyingi za zamani za Malindi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hazipendi mtikisiko wa nguzo zinazogongwa ardhini. Kabla mashine hazijafika, piga picha kila ukuta, dari na sakafu, pamoja na nyufa zilizopo, na uhakikishe tarehe inaonekana. Mwombe mkandarasi afanye ukaguzi kama huo kwa gharama yake na nyote wawili mtie saini. Anayekataa ukaguzi huo anakuambia mapema namna atakavyokujibu ukuta ukipasuka. Uliza pia kama nguzo zinaweza kuchimbwa na kumwagwa zege badala ya kugongwa, kwani tofauti ya mtikisiko ni kubwa.

La pili ni maji. Ardhi ya pwani yetu ni mwamba wa matumbawe wenye mapango na mianya, na maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Anayechimba maegesho ya chini ya ardhi karibu na bahari hulazimika kupiga pampu mchana na usiku, na kadiri anavyovuta maji matamu ndivyo chumvi inavyosogea kuelekea visima vya jirani. Mji hupata maji ya mfereji kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, lakini visima vya nyumbani na vya misikitini bado vina kazi, hasa siku ambazo mfereji umekauka. Kipimo cha chumvi kilichofanywa kabla ya ujenzi ndicho kitakachokuwa ushahidi baadaye.

Kelele zina kanuni zake za mwaka 2009. Katika makazi, kelele za ujenzi hazitakiwi kuzidi desibeli 60 mchana na 35 usiku, na mchana kwa mujibu wa kanuni hizo unaishia saa kumi na mbili jioni. Desibeli 35 ni karibu na kimya. Kwa vitendo, kumwaga zege usiku karibu na nyumba za watu hakuwezi kutimiza kiwango hicho.

Vioo vinaweza kutuangukia?

Ni nadra, lakini imetokea. Mwaka 1973 jengo la John Hancock huko Boston, la ghorofa 60, lilikuwa likidondosha vioo vyenye uzito wa zaidi ya kilo 200 kila kimoja, na barabara zilifungwa upepo ulipozidi. Chanzo kilikuwa namna tabaka mbili za kioo zilivyounganishwa kwa kiungo kigumu kupita kiasi. Hatimaye vioo vyake vyote, zaidi ya 10,000, viliondolewa na kuwekwa vingine.

Siku hizi kuna aina mbili zinazofaa kuulizwa. Kioo kilichokomazwa kwa moto huvunjika vipande vidogo butu, lakini mara chache hupasuka chenyewe miaka baada ya kuwekwa, kwa sababu ya chembe ndogo za salfaidi ya nikeli zilizobaki ndani yake. Kioo cha tabaka zilizogandishwa kwa utando wa plastiki hupasuka bila kuanguka. Juu ya njia ya watu, aina hii ya pili ndiyo ya kudaiwa. Kwetu kuna nyongeza: hewa ya chumvi hula vyuma vinavyoshika vioo, kwa hiyo ratiba ya ukaguzi wa vishikio hivyo iwemo katika masharti ya kibali.

Ndege na kasa wana uhusiano gani na jambo hili?

Ndege haoni kioo. Huona mti au anga iliyomo ndani yake. Usiku mmoja wa Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jumba moja la mikutano la Chicago, McCormick Place. Mwaka uliofuata vioo hivyo vilibandikwa utando wenye vitone vidogo vilivyopangwa kwa karibu, na vifo vikashuka kwa takriban asilimia 95. New York nayo, kwa sheria iliyopitishwa na baraza la jiji Desemba 2019, inalazimisha majengo mapya kutumia kioo ambacho ndege anaweza kukitambua.

Tuko kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ghuba ya Mida na mlango wa mto Sabaki, mahali ambapo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hutua kwa maelfu. Nao kasa hutaga katika fukwe za Watamu na Malindi, na watoto wao wanapototolewa usiku huelekea kwenye mwanga, ambao kwa asili ni wa bahari. Jengo la vioo lenye taa zilizowashwa usiku kucha huwaita upande wa nchi kavu, na huko hufa. Taa za upande wa ufuo zizimwe au zifunikwe. Hilo halimgharimu mwekezaji kitu cha maana.

Simu, televisheni na adhana zitaathirika?

Dishi la setilaiti huenda lisiathirike, kwani setilaiti inayotumiwa zaidi kwetu iko karibu na utosi na dishi la Malindi hutazama juu kwa takriban nyuzi 84; mnara wa mita 100 hulizibia tu aliye mita chache kutoka ukutani. Antena ya kawaida ya juu ya paa ndiyo inayoweza kupoteza picha, na simu zinaweza kudhoofika katika nyumba zilizo kati ya jengo na mnara wa mawasiliano.

Sauti hurudi kutoka kwenye kioo karibu yote. Msikiti ulio mita 85 kutoka uso wa jengo utasikia adhana yake ikirudi nusu sekunde baadaye, na spika italazimika kugeuzwa upande. Vivyo hivyo kwa honi za bodaboda, ambazo hazigeuziki.

Ni nani anayetoa kibali, na sauti yangu inaingia wapi?

Kibali cha ujenzi hutolewa na Kaunti ya Kilifi chini ya sheria ya mwaka 2019 inayosimamia upangaji wa matumizi ya ardhi. Leseni ya mazingira hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti ya tathmini hiyo hutangazwa ili umma utoe maoni. Kwa kuwa uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu kabisa na mji, mamlaka ya safari za anga nayo hupima urefu. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili mradi, na bango la mradi lazima liwepo kiwanjani.

Hatua ya maana zaidi ni ile ya maoni ya umma juu ya ripoti ya mazingira, na ndiyo inayopitwa kuliko zote. Andika barua, usitegemee kuzungumza mkutanini peke yake, na uulize mambo yanayopimika: mchoro wa vivuli kwa Juni, Desemba na Machi, uchambuzi wa mwako, jaribio la upepo, kiwango cha mwanga ambacho kioo kitarudisha, na mpango wa maji ya chini ya ardhi. Barua inayosema tu kwamba jengo haliendani na utamaduni wetu hujibiwa kwa aya moja ya heshima. Barua inayouliza kwa nini jaribio la upepo halimo inahitaji kujibiwa na mhandisi.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Pia Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapahapa Malindi.

Lamu inaweza kupata jengo kama hilo?

Si katika Mji wa Kale, ambao uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Bara ni habari nyingine. Tangu bandari mpya ianze kazi mwaka 2021, watu wa Mokowe na Hindi wana kila sababu ya kuusoma ukurasa huu.

Jengo limeshakamilika na tunateseka. Kuna lililobaki?

Mwako ndio unaotibika kwa urahisi zaidi: 20 Fenchurch Street lilivalishwa vibao, na ukumbi wa Walt Disney huko Los Angeles, ambao kuta zake za chuma king'aavu zilikuwa zikiwaunguza majirani, ulisuguliwa mwaka 2005 mpaka ukafifia. Upepo mkali wa barabarani hupunguzwa kwa kingo na miti iliyopandwa kwa mpango. Taa ni za kuzimwa tu. Upepo uliokatika na kivuli havina tiba, na kwa hivyo madai yake huwa ya fidia.

Kwa vyovyote vile, weka daftari. Andika tarehe, saa mwako ulipoanza na ulipokwisha, chumba ulichoingia, na upige picha kutoka mahali palepale kila mara. Fanya hivyo kwa mwaka mzima ikiwezekana, kwa sababu mwako wa Juni hauangukii panapoangukia mwako wa Desemba, na mmiliki atakayekuja kukagua mwezi ambao haupo atasema kwamba hakuona kitu. Majirani wakiweka daftari zao kando kando, ramani ya eneo zima itajichora yenyewe, na ramani hiyo ndiyo ya kumpelekea mmiliki kwanza, kisha kaunti, kisha wakili.